Kasi Ambayo Kasuku Hakuiomba

"Rudisha tena. Labda ni spika."

"Si spika, wifi."

"Dada, nimesema rudisha!"

Dada Mkubwa akabonyeza. Sauti ya kikongwe ikajaa karakana: "Yule mchimba kisima akainama, akasikia mtu huko chini anamwita kwa jina. Kumbe aliyekuwa anamwita ni..."

Krrrrr. Kama mchanga unakaangwa.

Kasuku akashika kichwa. Jina hilo alipewa kwa sababu anatengeneza katuni na sauti zote anazitoa mwenyewe: mzee, mtoto, mpaka mbuzi mwenye mafua. Safari hii tu hakutaka kuigiza. Alitaka hadithi ya kisima isimuliwe na Bibi yake mwenyewe, na Bibi akaisimulia yote, akicheka katikati. Sasa Bibi keshazikwa, na mwisho wa hadithi yake alikuwa anaubadilisha kila akijisikia. Hakuna mwingine wa kuuliza.

"Nakala huna?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Ninayo, kwenye diski ya pembeni. Nayo inakaanga mchanga vilevile."

Dada Mkubwa akaivuta karibu kompyuta ya Kasuku. Karakana hii ya kompyuta ni yake na mdogo wake wa kiume, Fundi, mchumba wa Kasuku. Akaizima mashine, akaiwasha upya, akaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa. Macho yakamtoka.

"Wifi, nani amegusa hapa?"

"Hakuna. Ilianza kujizimazima, Fundi akasema ni umeme."

"Umeme! Basi umeme wenu una mikono na ndevu. Njoo uone. Kasi ya prosesa, ule ubongo wa mashine, ni hesabu ya kuzidisha. Kuna mapigo ya ubao mzima, mafundi tunayaita basi, halafu kuna kizidishi. Kizidishi ni cha prosesa peke yake, na hiki chako kilifungwa kiwandani, hakiguswi. Kwa hiyo mtu akapandisha basi ili mashine ikimbie."

"Kuna ubaya?"

"Basi haipandi peke yake. Inawakokota wote waliofungwa kwenye ubao, na ram, yaani kumbukumbu ya muda, ikiwemo, hata kama haina mbio. Ram ikichemka inakosea kimyakimya. Kila ulipofungua sauti ya Bibi ukaisafisha ukaihifadhi, ilikuwa inaharibika. Na nakala umeitoa kwenye mashine hiyohiyo."

Hapo ndipo mlango ukafunguka. Fundi akaingia anapiga mluzi, kakumbatia feni mpya kama mtu aliyetoka kujifungua mtoto.

"Mke wangu mtarajiwa! Nimekuletea dawa ya ule umeme..."

Mluzi ukafia mdomoni. Wanawake wawili wanamtazama, na kwenye kioo cha kompyuta namba zake ziko uchi.

"Ulisema umeme," Kasuku alisema polepole.

"Niliogopa."

"Ulipandisha lini?"

"Ulipokwenda kwa mama mdogo. Nilitaka ukirudi ukute mashine inapaa. Si ulikuwa unalalamika picha zinachelewa?"

"Nililalamika. Nilikuomba?"

Fundi akaangalia feni, kama vile feni ingemjibia.

"Lakini niliipima! Asubuhi nzima ilikimbia, joto liko chini, haikukwama hata mara moja!"

"Uliipima ikiwaje?" Dada Mkubwa akadakia.

"Kawaida tu. Ubavu wa mashine wazi, feni ya mezani inaipuliza."

Kasuku akacheka kicheko kidogo, kile kibaya.

"Haya, Fundi. Mimi nikirekodi nafanyaje?"

Fundi akaitua feni kwenye kona.

"Nafunga mlango. Nafunga dirisha. Feni nazima, inaingia kwenye sauti. Mashine naifunga ubavu, naisukuma chini ya meza, naifunika blanketi isingurume. Si umekaa mle ndani na mimi, jasho linakutoka mpaka unaomba maji? Ulikuwa unaniangalia mimi au ulikuwa unaangalia mashine?"

Kasuku akavua pete, akaiweka juu ya ile feni mpya, akatoka. Mashine akaiacha.

*

"Nisamehe."

"Kasuku, pokea simu."

"Nimekosa. Naomba nije tuongee."

"Hata dakika moja tu."

Ujumbe ulisomwa wote. Jibu, wapi!

"Unamtumia kwa kasi ileile," Dada Mkubwa alimwambia, jicho likiwa kwenye bisibisi. "Punguza, kaka. Naye anaungua."

Fundi akaweka simu chini. Akarudisha basi ilipokuwa, akaibeba mashine mpaka stoo. Akafunga mlango, akafunga dirisha, akaisukuma chini ya meza, akaifunika blanketi, akakaa sakafuni kuipima. Jasho likamshuka mpaka kwenye soksi. Ndipo akamwona vizuri kichwani mwake, baada ya kumpoteza: Kasuku na uso wake unaong'aa kwa joto, anamwigiza mbuzi, ananyoosha kidole: usipumue.

Alikuwa humo humo anafuta ujumbe wa zamani kwenye simu, apate nafasi, alipokuta sauti ambayo aliwahi kuisikiliza mara moja, akacheka, akasahau. Akabonyeza.

"Wewe fundi wa mjukuu wangu! Redio yangu ilikuwa inakoroma kidogo, nami nilishaizoea. Nani alikutuma uifungue? Sasa imenyamaza kabisa, na skrubu umetia mfukoni. Njoo uifunge, mwanangu. Uwahi, lakini."

Hakuwahi. Alisema wiki ijayo, na wiki ijayo ikaja na msiba.

Alilia mle stoo mpaka dada yake akagonga kuuliza kama mashine imelipuka. Halafu akaituma ile sauti kwa Kasuku. Hakuongeza maneno ya kujitetea. Aliandika tu: "Hii ndiyo iliyobaki kwangu. Ananisema mimi, lakini sauti ni safi."

Jioni simu ikaita.

"Nimeisikiliza mpaka chaji ikaisha," Kasuku alisema. Pua ilikuwa imeziba.

"Mwisho wa hadithi umepotea, Kasuku. Sitaurudisha. Najua."

"Hutaurudisha." Akavuta pumzi. "Skrubu unazo?"

"Ninazo. Ziko kwenye kopo, mezani kwangu."

"Redio iko kwa mama. Njoo kesho uifunge."

"Nakuja! Tena ikiwa bado wazi naweza kuibadilishia spika, iwe na..."

"Fundi."

"Naam."

"Ifunge tu."

"Sawa. Nitaifunga tu." Ile feni ilikuwa bado kwenye kona, pete iko juu yake, hakuna aliyethubutu kuigusa. "Na pete je?"



"Lete skrubu kwanza."