Anayejibu Chini ya Reli

Haya yalimpata Hisae, rafiki wa dada yangu, majira ya baridi aliporithi mkokoteni wa tambi wa marehemu mumewe huko Kokura. Jioni moja Gonpei, muuza tofu ya soya, alimsimamisha njiani.

"Shemeji, usipige zumari yako ya kuitia wateja kwenye njia ya chini ya reli. Kuna anayejibu."

"Akijibu, nitamuuliza anataka bakuli ngapi," Hisae akasema, akaendelea kusukuma. Wateja wake walikuwa ng'ambo ya reli, na wanaume wa mtaa walishamtisha vya kutosha ili aiache kazi ile.

Ndani ya njia ile giza lilikuwa zito, na maji yalikuwa yakidondoka ukutani. Akapiga wimbo wa wauza tambi. Kutoka mbele wimbo uleule ukamrudia, polepole, kama wa mtu anayejifunza. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Safari hii jibu likatoka karibu.

"Mimi sirudi nyuma," akasema. "Kama una njaa, njoo ule. Kama huna, nipishe, nina kazi."

Hisae akachomoa kwenye zumari utete wa kupulizia, akautia mfukoni, ili huyo asiyeonekana asipate cha kuiga. Akashika mpini, zumari ikiwa mkononi, akasukuma.

Wimbo ukaanza tena, si mbele wala nyuma.

Hisae hakuiachia zumari. Alizidi kusonga gizani huku zumari isiyo na utete ikilia kiganjani mwake, na pumzi vuguvugu ikitoka kwenye matundu, ikimpuliza vidole.