Alichokisema Joviana Chini ya Gari

Likizo ya mwezi wa sita haikuwa ya kulala. Kila asubuhi, umande ukiwa bado kwenye migomba, Joviana na kaka yake Ainebyona walishika vikapu wakaingia kibanjani, kwenye shamba lao la nyumbani, kuchuma kahawa. Walichuma, wakabeba, wakaanika, wakageuza iliyoanikwa jana, kisha wakarudi kuchuma tena. Mama yao, Vero, hakuweza kuwasaidia mwaka huo. Alikuwa mjamzito na siku zake zilikuwa zimekaribia. Kwa kuwa uzazi wake uliopita ulikuwa wa upasuaji, daktari alimwonya asisubiri uchungu nyumbani. Ijumaa alitakiwa awe hospitalini, na kutoka kwao Nyakakika safari hiyo ni ya vilima na mabonde, vumbi jekundu katikati na makorongo pembeni.

Alhamisi jioni baba yao, Rogasian, alirudi na gari lake. Lilikuwa gari kuukuu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye bomba la hewa lililopanda hadi juu ya paa. Kwa sababu ya bomba hilo kila mtu aliliita Mkonga. Rogasian alishuka akinyoosha vidole.

"Shikamoo, baba," watoto wakamwamkia, wakitoka kibanjani na vikapu vyao.

"Marahaba. Leo mikono yangu imekufa. Gari hili nalielekeza kushoto, linafikiria kwanza. Nalirudisha kulia, limeshakwenda linakotaka. Nimemkosa mwenye baiskeli ya ndizi kwa kiganja tu."

"Labda limepitia kwenye pombe ya rubisi, baba," Ainebyona akasema.

"Nenda kachote maji wewe, kabla sijakupitisha wewe kwenye fimbo," baba akajibu, lakini alicheka kidogo. Ainebyona akachukua dumu akaondoka.

Rogasian alikuwa amekwisha kujaza matairi upepo sawasawa na kukaza nati za magurudumu, na bado gari liliyumba. Kwa hiyo, alisema, kuna kitu kimelegea kwenye vyuma vya usukani. Kukitafuta ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa juu akizungusha usukani, mwingine hulala chini akitazama.

"Usukani ni mzito, hutauweza. Wewe ingia chini," alimwambia Joviana. "Mimi nitageuza kidogo kushoto, kidogo kulia. Tazama kila kiungo. Vyuma vyote vinatakiwa viondoke pamoja. Kimoja kikiondoka na mwenzake akachelewa, hapo ndipo penye ugonjwa."

Akazima injini, akavuta breki ya mkono, akaweka mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi. Joviana akatandika gunia akajiingiza chini.

Ardhi ilikuwa ya baridi. Tangu alfajiri mgongo wake haukuwa umegusa chini. Juu yake vyuma vilianza kulia taratibu, nyii, nyii, kama kitanda cha kamba. Alitazama mara moja, kisha kope zikawa nzito, akazifumba ili azipumzishe kidogo tu.

"Joviana! Kuna kinachochelewa?"

Alishtuka. Aliona vyuma vyeusi na mafuta yaliyoganda. Angeweza kusema, "Baba, rudia." Lakini kurudia kulimaanisha kuanza upya, na baada ya hapo palikuwa na ndizi za kumenya na kahawa ya kuingiza ndani.

"Hakuna, baba. Vyote vinakwenda pamoja."

"Umetazama vizuri?"

"Nimetazama."

"Basi ni boksi la usukani." Rogasian akafungua boneti, akakaza skrubu iliyo juu ya boksi hilo, kisha akaendesha hadi mwisho wa kibanja na kurudi. Usukani ulikuwa umekaza, hauchezi tena. Alifikiri kwenda na gari barabara kubwa alisikie vizuri, lakini mabega yalimuuma na jua lilikuwa linazama. "Yatosha," akasema. "Kesho tutaondoka mapema."

Wakati wa chakula mama alikuwa akikunja khanga na vinguo vya mtoto ndani ya begi. "Asante, mwanangu," alimwambia Joviana. "Baba yako amesema umemsaidia. Safari ya kesho nilikuwa naiogopa. Sasa nina amani."

Joviana aliinamia sahani yake ya ndizi. Alijiambia kwamba baba anajua magari kuliko yeye. Labda lilikuwa boksi kweli. Labda.

Asubuhi begi lilipakiwa. Katika familia yao hakuna safari iliyoanza bila sala, nao watoto walipeana zamu. Baba alivua kofia. Wote wakafanya ishara ya msalaba.

"Leo ni wewe, Joviana," mama akasema.

"Ee Mungu Baba," Joviana akaanza, "tunakushukuru kwa kutuamsha. Tunaomba umlinde mama, na mtoto, na gari hili ambalo..." Akanyamaza. Alijaribu tena. "Gari hili ambalo sisi tume..."

"Tume nini?" Ainebyona akanong'ona. "Sala imeishiwa mafuta?"

Joviana alifumbua macho. Alimwona mama yake ameshika tumbo kwa mikono miwili, akisubiri aseme amina.

"Siwezi kuliombea," akasema. "Jana sikutazama. Nilifumba macho. Baba aliponiuliza, nikasema tu."

Kuku waliendelea kuparura kahawa iliyoanikwa, wala hapakuwa na mtu wa kuwafukuza. Rogasian aliketi polepole kwenye bampa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kabla ya siku kuanza.

"Hukuona chochote?"

"Hapana, baba. Nilikuwa nimechoka."

Aliinuka kutoka kwenye bampa. Kisha akasema, "Ainebyona, shusha begi la mama yako."

Mawe yaliwekwa tena, gunia likatandikwa tena. "Leo usikorome huko," Ainebyona akamtania. Joviana alijiingiza chini. Macho aliyakodoa hadi yakatoa machozi.

Baba akageuza usukani. Mkono wa chuma unaotoka kwenye boksi uliondoka, na fimbo ndefu ikaondoka nao. Lakini mwisho wa fimbo hiyo, karibu na gurudumu, kiungo kiliinuka kwanza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, ndipo gurudumu likafuata.

"Geuza tena, baba!" Kikainuka tena. "Hapa! Hiki kinaruka kabla ya kuvuta!"

Rogasian alimweka Ainebyona kwenye usukani, akaingia chini mwenyewe na kukishika kiungo. Kiligonga kiganjani mwake. Alitoka nje akijipangusa mikono.

"Mpira wake umepasuka, grisi imekwisha, vumbi limekila ndani. Kingechomoka mteremkoni, usukani ningebaki nao mkononi, na magurudumu yangekwenda kivyake."

Mama alirudi kukaa kwenye kibaraza.

Rogasian alipanda bodaboda hadi mjini Omurushaka kutafuta kiungo kipya. Walisubiri. Joviana alichagua kahawa ile ile mara mbili, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Baba aliporudi na mfuko wa spea, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi, alianza kazi bila hata kunywa maji. Alipokifungua kiungo cha zamani alihesabu mizunguko yake kwa sauti, ili kipya kiingie kiasi kile kile na magurudumu yasipotoke. Akakaza nati, akapitisha pini ya kuizuia isilegee.

"Na boksi nimelionea bure," akasema, akilegeza skrubu aliyoikaza jana. "Nililibana hata usukani haurudi wenyewe baada ya kona."

Safari hii hakuishia kibanjani. Alikwenda hadi barabara kubwa, akashuka mteremko, akapanda. Aliporudi alimfungulia mama mlango. "Sasa linasikia."

Sala aliimaliza Joviana, kwa maneno machache.

Ainebyona alibaki kulinda nyumba; wengine walifika hospitalini jua likielekea kuzama. Muuguzi alimpokea mama na kumpa kitanda. Joviana na baba yake waliketi nje kwenye benchi.

"Nisamehe, baba."

"Nilikusamehe asubuhi, na kumbuka kwamba ni wewe uliyesimamisha gari. Sasa nisikilize. Kuchoka si dhambi. Hata Bwana Yesu alichoka na safari, akaketi kisimani, akaomba maji. Hakuona haya kuomba. Dhambi ni kusema 'nimetazama' wakati hukutazama. Wewe ulipolala jana ulipumzika, lakini neno lako halikupumzika. Lilikaza skrubu isiyohitaji kukazwa, likapakia begi, na lilitaka kumpakia mama yako."

Joviana aliinamisha kichwa.

"Na mimi nina fungu langu," baba akaendelea. "Nilikuona unatoka kibanjani umepinda kama bibi kizee, bado nikakutuma. Nilitaka kusikia 'hakuna' ili nami nikalale, ndiyo maana sikwenda kulijaribu barabarani. Anayefanya kazi na aseme, 'Nimechoka, nisubiri.' Na anayemtuma amuulize." Alimtazama. "Haya, niambie. Safari ya kurudi usiku huu unaiweza?"

Joviana alifikiri kabla ya kujibu. "Hapana, baba. Nimechoka."

"Na mimi pia," Rogasian akasema. Akampigia simu Ainebyona kwamba watarudi kesho, kisha wakainuka pamoja, wakaenda kuomba malazi kwa shangazi Mackrine, aliyeishi karibu na hospitali.