Diski ya Jivu Laini

Jumamosi, saa sita mchana. Mtaa wa Katoyi, Goma, chumba cha nyuma ya duka la saruji. Wanaume watatu, mlango umekomewa.

Darius alipanga chupa tatu za soda mezani. Nyumba. Lango. Gari. Ndiye bosi, na hakuna aliyewahi kuuliza nani alimchagua.

"Album ya Jivu Laini banaiimba Goma yote," alisema. "Sasa producteur wa Kinshasa anataka kuitengeneza upya. Anahitaji ile disque yenye sauti zote, moja moja. Tunaibeba, Joviale analipa, tunamurudishia."

"Na sentineli, ule mulinzi wa lango?" aliuliza Honoré, dereva.

"Ule niachie mimi."

Wa tatu alikuwa Ridhwani. Yeye ndiye aliyeijua nyumba. Miaka miwili aliimba sauti ya pili katika Jivu Laini, bendi ya Joviale ya roki ya taratibu. Walirekodi pamoja albamu ya *Kesho Katoyi*, wakagombana, albamu ikatoka bila yeye. Sauti yake iliondolewa yote. Na albamu ikavuma, we acha tu! Waendesha pikipiki waliipiga, maharusi waliichezea, na kila mara Ridhwani alingoja mahali pake pafike. Palipita patupu. Aliwaambia watu kuwa aliimba humo, wakamcheka hadi akaacha kusema. Akabaki peke yake, na upweke ulimuuma kweli kweli.

"Utanipa kopi ya ile disque, Darius? Uliniahidi."

"Nitakupa, musanii."

Honoré alicheka mpaka akakohoa.

Saa nane na nusu. Nyumba ya Joviale, karibu na Lac Vert, njia ya Sake. Bendi ilikuwa harusini mjini. Gari lilisimama nyuma ya ukuta wa mawe meusi. Darius alimkaba sentineli kabla hajageuka, akamfunga kamba, akamziba mdomo. Ridhwani akaingia nyumbani, hadi chumba cha studio.

Diski ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta. Kazi yake ilikuwa kuichomoa na kutoka. Mwizi wa kweli angetoka. Lakini ahadi ya Darius aliujua uzito wake, na nafasi nyingine asingepata. Akavaa kaski masikioni, akafungua wimbo. Akazima gitaa. Akazima ngoma. Akamzima Joviale.

Akabaki yeye.

Ilikuwepo! Sauti yake nzima, hata pumzi aliyoivuta kabla ya kiitikio. Machozi yalimtoka. Hakuwa mwongo, jamani. Hakuwahi kuwa mwongo.

Hakumsikia Darius mpaka kaski ilipong'olewa kichwani.

"Uko unafanya nini? Honoré anangoja!"

"Muzee, niachie nimalize hii moja tu."

Darius alichomoa diski, akaitia ndani ya koti.

"Weye hauko mwizi," alisema polepole. "Na polisi bakipata mutu moja, banaacha kutafuta. Ukitaja jina yangu, nyumba ya dada yako Ramla naijua."

Alitoka, akafunga mlango kwa nje.

Ridhwani alipiga kelele. Kuta zilikuwa zimefunikwa magodoro juu hadi chini, ili sauti isitoke, na haikutoka. Alipiga mlango mpaka mikono ikavimba. Gari lilipoondoka hakulisikia. Mwisho alikaa chini, akaanza kuimba sehemu yake, maana hakuwa na kitu kingine.

Saa kumi na moja jioni mlango ulifunguliwa. Polisi wawili. Nyuma yao Joviale, bado na gauni aliloimbia harusini.

"Ulikuwa unafanya nini humu?" aliuliza polisi mmoja.

"Nilikuwa naimba. Ni mimi sauti ya pili ya *Kesho Katoyi*."

Polisi alicheka. "Ile album naijua yote, mwanzo mpaka mwisho. Haina sauti ya pili." Akamgeukia Joviale. "Mama, unamujua huyu mutu?"

Joviale alimwangalia Ridhwani. Kisha akaangalia pale ilipokuwa diski.

"Alikuwaka anatubebea vyombo vya muziki," alisema.