Mlango wa Jikoni Uliotazama Mlima

Jioni hiyo Rosaline alikuwa anapeleka maziwa tu. Wageni wa kutoka Nairobi wangefika asubuhi, na wageni wa hifadhi hawanywi chai ya rangi.

Hifadhi yenyewe, nje kidogo ya Endebess, ilikuwa shamba la mahindi la mumewe, Mbugua, kabla hajaliuza na kufa. Sasa ni nyasi, swara walioletwa kwa lori, na nyumba za zege na vioo zenye paa bapa. Mchoraji wa ramani zake alisifiwa sana kwa kubuni nyumba zisizoonekana. Watu wa Endebess huziona tangu barabarani.

“Mama Nyambu,” Salman, askari wa geti, alimwita. “Mgeni wa gari analipa, mgeni wa miguu anasaini. Mtu wa maziwa hana kifungu kwenye kanuni. Pita tu kama hujapita.”

“Basi hujaniona.”

“Nani huyo anaongea?”

Rosaline alicheka, ingawa jina hilo bado lilimuuma. Nyambu, mtoto wake wa pekee, alifariki kwa malaria akiwa mdogo, akazikwa nyuma ya jikoni. Shamba lilipouzwa, kamati ya kuhamisha makaburi ilikuja na hema, soda na hotuba. Ilimfukua Nyambu, ikawafukua na vibarua waliofia hapo enzi za mzungu, ambao hata misalaba hawakuwa nayo. Kwao Bungoma, nyanya yake alimfunza kwamba marehemu akihamishwa huitwa kwa jina, akaambiwa: twende, tunahama. Rosaline alipofungua mdomo, ofisa mwenye glavu alimnyamazisha. Ratiba ilisema kimya.

Kwa heshima ya marehemu.

Alipofika kwenye nyumba ya wageni, jua lilikuwa limezama nyuma ya Mlima Elgon. Akasimama.

Harufu... Moshi wa magunzi. Na nyumba hii hupikia umeme.

Kisha sauti. Pa. Pa... Kiganja kwenye kioo.

Ndani, upande wa mlima, alisimama mtoto. Gauni la manjano. Lile alilozikwa nalo. Alipapasa kioo, akasogea, akapapasa tena, kama mtu anayetafuta kitasa gizani.

“Mama... mlango uko wapi?”

Jiko la zamani lilikuwa papo hapo, na mlango wake ulitazama mlima. Mchoraji aliuweka mlango wake upande wa pili. Huku akaziba kwa kioo kizima, sakafu hadi dari, ili wageni waone mandhari.

Miaka yote hii, mtoto alikuwa anatafuta mlango.

“Zunguka huko nyuma, mwanangu.”

“Huko kuna ng'ombe,” Nyambu alinong'ona. “Si ulinikataza?”

Alikuwa amemkataza, kweli.

Rosaline aliinua mkebe wa maziwa kwa mikono miwili, akaubamiza kwenye kioo. Kikanguruma tu. Akabamiza tena. Kikaporomoka chote, maziwa yakamwagika juu yake.

“Nyambu wa Mbugua! Twende nyumbani. Tumehama.”

Akanyoosha mkono gizani.

Kisha kiganja kidogo, cha baridi, kikaingia mkononi mwake.

Salman alikuja mbio na tochi. “Mama! Hicho kioo kimetoka Italia, bana! Sasa mimi nitaandika ati nini...”

Mwanga wa tochi ulipita juu ya bega la Rosaline, ukagota hapo.

“Mama Nyambu,” alinong'ona. “Umekuja na watu wangapi?”

“Ni mimi na mtoto.”

“Hapana.” Alikuwa anarudi nyuma. “Bado wanatoka.”

Nyuma yake vipande vya kioo vilikanyagwa, polepole, na miguu isiyo na viatu. Rosaline hakugeuka. Alikaza mkono wa mwanawe, akaanza kutembea.

Mkono wake wa pili ukashikwa.

Huu ulikuwa mkubwa. Wenye sugu za jembe.

“Na mimi, mama,” sauti ya mzee ikasema karibu na sikio lake, kwa adabu, kama mtu aliyengoja foleni ndefu. “Niite.”

Rosaline alifungua mdomo. Safari hii hakuna aliyemnyamazisha.

Jina hakulijua.