Maji Yasiyo na Mdudu Hata Mmoja

Kila asubuhi Avelina huteka maji kwenye mfongo. Mfongo ni mfereji unaoleta maji ya mto hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, huko Kirua Vunjo. Akifika nyumbani, huyachuja kwa kitambaa cheupe, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake. Zamani kitambaa kilibaki na wadudu wa kila namna. Mama mkwe aliwakung'uta huku akinuna.

Lakini mwaka ule, kahawa ilipoanza kuiva, kitambaa kilibaki kitupu.

"Baba Mary, njoo uone!" Avelina alimwita mumewe, Fabian. "Maji yamekuwa safi. Hayana mdudu hata mmoja!"

"Basi acha kuyachemsha," alisema Fabian. "Kuni zenyewe ziko wapi?"

Wiki mbili baadaye binti yao Mary, mwenye miaka mitatu, alianza kutapika na kuharisha. Ngozi ilimwasha. Alijikuna mpaka damu ikatoka. Avelina alimbeba mgongoni hadi zahanati. Muuguzi alimpa mtoto dawa, kisha akauliza, "Mama, unamnywesha maji gani?"

"Safi, dada! Hayana hata mdudu."

Msichana mmoja aliyekuwa anapima tangi la zahanati aligeuka. Aliitwa Violet, fundi wa ofisi ya maji.

"Hayana mdudu tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mavuno ya kahawa yaanze."

"Mama, hiyo si habari njema. Nipeleke mtoni."

Walikwenda siku ya pili. Violet alibeba wavu mdogo na mabeseni mawili meupe. Mzee Melkior, mwenyekiti wa kamati ya mfongo, aliwafuata.

"Shikamoo, meku," Violet alimwamkia, akimwita mzee kwa Kichagga.

"Marahaba. Yaani serikali imekusomesha chuo uje kutuvulia wadudu?"

"Ndiyo, meku. Nawe utanishikia beseni."

Walianza juu ya mtambo wa kumenya kahawa. Mtambo huo ulijengwa na Bwana Wenseslaus, baada ya wafanyabiashara binafsi kuruhusiwa kununua kahawa. Violet alipindua mawe kwa mguu. Wadudu walisukumwa na maji wakaingia kwenye wavu. Aliwamwaga kwenye beseni.

"Huyu mwenye mikia mitatu anataka maji yenye hewa nyingi," alieleza. "Huyu amejijengea nyumba ya mchanga. Huyu ni mtoto wa kereng'ende."

Walihesabu aina kumi na nne.

Kisha walishuka chini ya mtambo, pale mfongo wa kina Avelina unapotoka mtoni. Maji yalinuka uvundo. Beseni la pili lilikuwa na tope na funza wekundu tu.

"Aina moja," alisema Violet. "Hawa huvumilia maji yaliyooza. Maganda ya kahawa na ute wake vikioza mtoni, humaliza hewa ndani ya maji. Wale wengine wote hufa."

Avelina alishika kichwa. "Kumbe nilikuwa nashangilia msiba!"

Jioni ile ile, kwa wito wa Mzee Melkior, wanakijiji walikusanyika mlangoni pa mtambo. Bwana Wenseslaus alitoka na chupa ya maji meupe.

"Haya yalichukuliwa mtoni Jumatano saa sita mchana," alisema. "Yamepimwa, ni mazuri. Uchafu unatoka majumbani mwenu. Kina mama, ogesheni watoto!"

Avelina alisogea mbele, Mary yuko mgongoni.

"Mwanangu namwogesha kila siku! Namwogesha kwa uoza wako! Tazama ngozi yake. Nani hapa hajui kwamba maji machafu unayafungulia alfajiri?"

"Una ushahidi gani, mama?"

Violet aliweka mabeseni mawili chini.

"Chupa inaeleza habari za saa moja," alisema. "Wadudu hawa hukaa mtoni miezi mingi, usiku na mchana. Ukifungulia alfajiri, wao wapo. Hata kwenye mito mikubwa wataalamu huwatumia hivi hivi. Juu ya mtambo kuna nyumba, na kuna aina kumi na nne. Chini ya mtambo kuna aina moja. Kama uchafu ni wa majumbani, mbona wale wa juu wako hai?"

Mzee Melkior alipiga fimbo chini.

"Sheria ya mfongo ni ya tangu babu zetu. Anayechafua maji, hapewi maji. Mtambo wako unakunywa kwenye mfongo wetu wa juu, sivyo? Kesho naziba mlango wake wa maji kwa udongo."

"Meku, kahawa yangu itaoza!"

"Itaoza kwako, siyo mtoni."

Waliziba kweli. Wakulima walirudia mashine zao za mkono, na maji ya kuoshea kahawa waliyamwaga shimoni, mbali na mfongo. Siku ya nne Wenseslaus alileta vibarua. Walichimba mashimo makubwa ya maganda na maji machafu, mbali na mto. Ndipo kamati ikamfungulia.

Violet aliwafundisha kina mama kupima mto kila mwezi. Pia aliwaonya: "Wadudu wengi ni dalili ya mto wenye afya. Lakini vijidudu vya kuhara hatuvioni kwa macho. Maji ya kunywa chemsheni daima."

Fabian hakulalamikia kuni tena. Ngozi ya Mary ilipona.

Baada ya masika, Avelina alikuwa ameinama mtoni chini ya mtambo na wavu wake. Wenseslaus alipita darajani.

"Leo umepata nini, mama Mary?"

"Aina kumi na moja."

"Si unaona? Sasa pumzika."

Avelina hakutabasamu. "Mwezi ujao nakuja tena," alisema. "Na siku sikwambii."