Kanyaga, Honorine

Saa tisa mchana, mbele ya soko la Mulongwe, pedali ya klachi ilizama chini ya mguu wa Clovis na haikurudi. Gia ikakataa kuingia. Lori lilikuwa limejaa mihogo ya Runingu, na nyuma yake pikipiki na magari yakaanza kupiga honi.

Clovis hakushangaa. Wiki nzima ile silinda ndogo ya klachi, iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, ilikuwa inavuja, naye kila asubuhi aliongeza mafuta ya breki na kuahirisha kazi. Mpya ilikuwa nyuma ya kiti. Alikuwa na miaka thelathini na minne, lakini siku hiyo mgongo wake ulikuwa wa mzee. Akazuia magurudumu kwa mawe, akatandika gunia, akaingia chini ya lori.

Alifungua mrija, kisha bolti mbili, akaitoa silinda mbovu iliyojaa matope ya mafuta. Akaingiza mpya, akahakikisha kijiti chake kimekaa sawasawa kwenye uma wa klachi, akakaza. Akatoka kujaza mafuta kwenye kikopo cha juu, akarudi chini. Ilibaki kutoa hewa mrijani, na hiyo si kazi ya mtu mmoja: mmoja anakanyaga pedali juu, mwingine anafungua skrubu chini.

"Muntu anikanyagie pedali!" akapaza sauti. "Dakika kumi, njia inafunguka!"

Aliyepanda alikuwa mwanamke mmoja ambaye pikipiki iliyombeba ilikwama kwenye msongamano ule. Alivaa kitenge cha bluu chenye maua ya dhahabu, kilichoshonwa kumbana kiunoni, na nywele zake zilisukwa asubuhi hiyo. Alivua viatu vyeupe vya kisigino, akaweka mguu mtupu kwenye pedali.

"Kanyaga mara tatu, halafu ushikilie!"

"Nimeshikilia."

Mkono wa Clovis ukasimama kwenye spana. Sauti ile aliijua.

"Honorine?"

"Fungua hiyo skrubu, Clovis. Mguu unachoka."

Akafungua. Mafuta yakatoka yakitoa povu. Akafunga. "Achia. Kanyaga tena."

Walikuwa wamependana miaka miwili. Clovis alikuwa ameahidi kwenda kujitambulisha kwa baba yake mara tu atakaporudi kutoka safari ya Baraka. Akaenda huko, na hawakuonana tena mwaka mzima.

"Weye ulikuwa wapi?" Honorine aliuliza huku akishikilia.

"Lori lilikufa Baraka miezi miwili. Niliporudi, nyumba yenu iko ndani ya maji mpaka kwa madirisha. Ziwa lilikuwa limepanda. Nikapiga simu mpaka nikachoka."

"Simu ilienda na maji. Namba yako ilikuwa mule."

"Jirani akaniambia umevuka mpaka kwenda Bujumbura na mwanaume wa gari."

"Huyo ni kaka yangu mkubwa, yaya Déogratias! Alikuja kubeba magodoro." Akakandamiza pedali kwa nguvu. "Minye nilienda kukuuliza kwa bashoferi. Baliniambia Baraka iko mwanamke anakupikia."

"Mama wa gereji, Honorine. Iko na wajukuu tisa."

Honorine akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. Simu yake ikalia. Alikuwa mama yake, na hata chini ya lori alisikika.

"Uko wapi? Léopold na ndugu zake bamekaa saa nzima!"

"Nakanyaga klachi, mama."

"Unakanyaga nini?"

Akakata simu. Clovis hakuuliza Léopold ni nani. Mwanaume haendi na ndugu zake kwa wazazi wa msichana ila kuposa.

"Ni mtu mzuri?"

"Mtu mzuri sana. Leo wanataka jibu." Akakanyaga tena. "Nimechoka kungoja, Clovis. Kufundisha watoto themanini, kurudi kwenye nyumba ya kukodi, kungoja tena."

Mafuta yakatoka safi, bila povu. Clovis akakaza skrubu mara ya mwisho, akatambaa nje, akasimama mlangoni mwa lori, uso na shati vimejaa mafuta.

"Twende kwa papa yako sasa hivi."

"Hivyo ulivyo?"

"Hivi nilivyo. Nikienda kuoga kwanza, nitakupoteza tena."

Honorine aliokota viatu vyake vyeupe. Akasogea kiti cha pili.

Gia ikaingia.

Kule Kavimvira, kwenye ile nyumba ya kukodi, wageni sebuleni waligeuka walipoingia. Léopold, mtu mzima mwenye adabu, aliweka chupa yake ya Fanta mezani.

"Mwalimu," akauliza taratibu, "ni yeye uliyekuwa unamngoja?"

"Ni yeye. Unisamehe."

Léopold akainamisha kichwa, akaaga kila mtu kwa jina, akatoka na ndugu zake. Baba yake Honorine akamtazama Clovis, kisha akamgeukia binti yake.

"Huyu siye aliyekuacha?"

"Hakuniacha, papa," Honorine akasema. "Alinitafuta. Tulipotezana."

Mzee akashusha pumzi, akaonyesha kiti alichotoka Léopold.

"Basi kaa. Unaonekana umechoka."

Clovis akakaa. Kiti kilikuwa bado na joto.