Tanuki Nyuma ya Karatasi

Jumanne, tarehe 14 Mei 1985, saa mbili kasoro robo asubuhi, katapila la kwanza lilipanda Kilima cha Yatsuzuka. Chizuru Ogiwara, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa bado ana wali mdomoni. Babu yake, Mzee Tokuji, alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la kuwakumbukia marehemu, akiweka kibakuli cha wali wa moto chini ya picha ya mkewe, kama alivyofanya kila asubuhi tangu mwaka jana. Vikombe vilitikisika. Picha ya Bibi ikaanguka kifudifudi.

Mzee aliiokota, akaifuta kwa mkono wa shati, akairudisha mahali pake. Kisha alifungua mlango wa nyuma. Kule juu mialoni ilikuwa inalala mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama watu walioambiwa wapange foleni.

"Hata karatasi moja hawakutuletea," alisema. "Wakitaka kodi, mlango wanaujua. Wakitaka kutubomolea kilima, wanapita angani."

Chizuru alimeza wali. Haukuwa na ladha yoyote. Karatasi zilikuwa zimeletwa, na yeye alijua zilipo.

Chini ya mizizi ya mwaloni mkubwa kuliko yote kwenye kilima kile walikaa tanuki, wanyama wa ukubwa wa paka aliyenona, miguu mifupi, weusi kuzunguka macho kama waliopakwa masizi. Bibi alipokuwa hai aliwawekea maganda ya viazi vitamu nyuma ya nyumba, nao walikuja jioni wakala bila kuaga. Mwezi wa Mei huwa wana watoto ambao hata macho hawajafumbua vizuri.

Darasa la sita, darasa la Chizuru, lilikuwa linatengeneza filamu ya katuni juu ya tanuki hao. Wanafunzi walichora, na Mwalimu Sekine akapiga picha mchoro mmoja mmoja kwa kamera yake ndogo. Chizuru alipewa sehemu ngumu kuliko zote: tanuki anavuka barabara.

"Tanuki wako anatembea kama beseni," Mitsugu, jirani yake wa dawati, alimwambia.

"Na wewe wako je? Kama mto wa kulalia."

"Angalau mto una miguu minne."

Tatizo lilikuwa karatasi. Ili mnyama atembee vizuri, mchoraji anahitaji karatasi nyembamba, inayoonyesha mchoro wa chini yake. Za shule zilikuwa zimekwisha. Jioni moja, wiki mbili kabla ya katapila kuja, ubao wa mtaa ulifika nyumbani. Ubao huo huzunguka nyumba kwa nyumba ukiwa umebanwa matangazo. Kila nyumba husoma, hupiga muhuri wake, kisha humpelekea jirani. Mwezi ule nyumba ya akina Ogiwara ndiyo iliyoanza mzunguko.

"Piga muhuri wetu, upeleke kwa Mama Hanzawa," Babu alisema bila kugeuka.

Mbele kulikuwa na kalenda ya siku za kutoa takataka. Chini yake tangazo refu la manispaa, maandishi madogo kama chawa. Na nyuma kabisa, karatasi kumi na nne nyembamba, zinazopitisha mwanga, tupu upande mmoja. Chizuru aliwaza, nani husoma vitu hivi? Akazichomoa zote. Akapiga muhuri, akaupeleka ubao.

"Ndio huu tu?" Mama Hanzawa aliuliza.

"Ndio huu tu, mama."

Sasa katapila lilikuwa linanguruma, na Mzee Tokuji alikuwa anavaa kofia kwenda manispaa. Alimchukua Chizuru ili amsomee herufi ngumu.

Ofisini walipokelewa na kijana mwenye tai. Alikuwa na adabu zote za duniani. Aliwawekea mbele nakala ya ukurasa wa mihuri. Ilikuwa kumi na minne, myekundu, imepangwa vizuri, na wa kwanza ulikuwa wa Ogiwara.

"Mtaa wenu ulitaarifiwa, mzee. Kila nyumba ilipewa fomu ya maoni. Hakuna aliyepinga."

"Sikuona fomu."

"Muhuri ni wako?"

"Ni wangu."

"Basi labda umesahau," kijana alisema kwa upole.

Chizuru aliangalia viatu vyake.

Wakirudi walimkuta Mama Hanzawa akifagia mbele ya mlango wake. "Ukisahau sema tu, Mzee Tokuji," alisema. "Juzi si uliliacha birika jikoni mpaka likaungua tako?"

"Birika ni birika. Fomu sikuiona."

"Haya. Umri hauna adui, unatupitia sote."

Siku ile Babu hakugombana tena na manispaa. Huyu ndiye mtu aliyezoea kusema, "Wanasema aliye juu mngoje chini. Mimi nimengoja, wameongeza ghorofa." Kesho yake Chizuru aliona vipande vya karatasi vimebandikwa ukutani, kwa mwandiko wa Babu, mwandiko wa fundi wa vigae aliyeacha shule mapema. *Gesi, zima. Miwani, juu ya redio.* Na karibu na sufuria ya wali kulikuwa na kingine: *Fumi hayupo. Pika wa watu wawili.*

Fumi lilikuwa jina la Bibi.

Chizuru alikisoma, akakisoma tena. Alitegemea angelia, lakini machozi hayakuja. Alikwenda akalala juu ya mkeka mchana kweupe. Babu aliingia, akasimama kando yake.

"Chizuru. Ile siku ya ubao, mimi nilikuambia nini? Hebu nikumbushe, mjukuu wangu."

Chizuru akafumba macho, akapumua polepole. Tanuki akishtuka sana huanguka kama mfu. Ndiyo maana mtu anayejifanya amelala huambiwa amelala usingizi wa tanuki. Babu alingoja. Kisha akasema taratibu, akijisemea mwenyewe, "Basi nimeanza kupotea."

Miguu yake ilikuwa inaondoka. Chizuru aliinuka. Alifungua mkoba wa shule, akatoa michoro yake, akaipanga mezani.

"Zigeuze, Babu."

Mzee alivaa miwani. Aligeuza moja. *Fomu ya Maoni ya Wakazi.* Akageuza nyingine, na nyingine, mpaka zote.

"Kumi na nne," alisema.

"Nilizichukua mimi. Nilimwambia Mama Hanzawa ubao ni ule tu. Kule ofisini pia nilinyamaza. Hujapotea, Babu."

Hakupaza sauti. Alikwenda ukutani akabandua *gesi*, akabandua *miwani*. Kile cha karibu na sufuria alikiacha.

"Vaa viatu," alisema.

Walipita nyumba zote kumi na tatu. Kwenye kila mlango Chizuru aliinama mpaka akaona vidole vya miguu yake, akasema kosa lake kwa maneno yaleyale. Kufika mlango wa nne hakusikia tena sauti yake kama ni yake. Mama Hanzawa alishika fomu, akaangalia mchoro.

"Ana kitambi kama marehemu mume wangu," alisema. Halafu akaigeuza fomu. "Tusimwonee mtoto peke yake. Tangazo lilisema jaza fomu iliyoambatishwa. Nyumba kumi na tatu tumepiga muhuri, hakuna hata mmoja aliyeuliza fomu yenyewe iko wapi. Mzee Tokuji, nisamehe ule mdomo wangu wa birika."

"Birika liliungua kweli," alijibu Babu.

Asubuhi iliyofuata fomu zote zilikuwa zimejazwa, zimepigwa muhuri, ziko mezani kwa yule kijana mwenye tai.

"Lakini mzee, muda umepita. Zilikuwa siku tatu."

"Siku tatu, chini ya kalenda ya takataka," Mzee Tokuji alisema. "Mjukuu wangu amekosa, na amekuja kusema. Ninyi je? Mlitaka tusome, au mlitaka tusisome?"

Kijana alizishika fomu kwa pembe, akazipitisha haraka kwa dole gumba ili azihesabu. Upande wa nyuma ulikuwa unamtazama, na tanuki akatembea. Alishuka ukingoni, akanusa lami, akavuka mkononi mwa karani wa manispaa. Kijana alisita, akazirudisha, akazipitisha tena. Hakuwa anahesabu.

Baada ya wiki moja barua ilikuja. Mteremko wenye mwaloni mkubwa hautaguswa mpaka mwisho wa Julai, watoto wa tanuki wawe wamekomaa, na chini ya barabara mpya litawekwa bomba pana la wanyama kupita. Sehemu nyingine zote kazi iliendelea. Hicho ndicho wakubwa walichokubali kukitoa, bomba, kwa watu waliokaa pale kabla yao.

Bomba lilipowekwa, Babu na Chizuru walikwenda kulitazama.

"Sikiliza," Babu alisema. "Wale wangekata kilima hata bila wewe, wana tamaa na wana haraka. Lakini uongo wako uliwapa kisingizio, wakautumia kama ngazi. Anayetaka kukudhulumu usimshikie ngazi. Ukikosa, sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado jepesi kama zile karatasi. Ukilala usingizi wa tanuki, wenzako ndio wanaogongwa."

"Ndiyo, Babu."

"Na birika nalo uwe unaliangalia."

Mwezi wa Julai, kabla ya likizo, filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa shule. Fomu zilikuwa zimebaki kwenye majalada ya manispaa, na Mwalimu Sekine hakuwahi kuzipiga picha. Alimwambia Chizuru achore upya.

"Naomba pabaki wazi, mwalimu," Chizuru alisema.

"Watu watadhani mashine imekwama," Mitsugu alinong'ona, lakini safari hii hakucheka.

Taa zikazimwa. Tanuki alishuka kilimani, akafika ukingoni mwa barabara, akainua mguu. Kisha pazia likawa jeupe, tupu, kwa sekunde moja na nusu. Halafu akaonekana ng'ambo ya pili, mmoja tu, akienda.

Mtoto wa darasa la kwanza aliyekaa mbele aligeuka nyuma.

"Hapo katikati alikuwa wapi?"

Mwalimu Sekine alimtazama Mzee Tokuji. Mzee Tokuji alimtazama yule kijana mwenye tai, aliyekuja bila kualikwa na kukaa karibu na mlango. Kijana aliangalia viatu vyake.

"Eti?" mtoto akauliza tena. "Alikuwa wapi?"